Waliomlilia Sarah

Kijiji cha wachimba makaa, Kaskazini mwa Uingereza
Jumapili, 16 Oktoba 1949

Kwa wazee, mama na ndugu wa kanisa letu la Eldoret, kwa sauti ya mke wangu Esther Kageha, atakayewasomea baada ya wimbo wa pili:

Nawasalimu nyote, mlioketi mbele na mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Baridi ya huku haina adabu ya baridi yetu. Ile ya Julai huaga jua likipanda. Hii imeketi tangu nifike, na haina dalili ya kuondoka.

Mlinituma kuwashukuru watu waliotuletea walimu wa kwanza, na kuwaeleza tunavyoishi sasa. Nimesema katika makanisa mengi madogo, na siku ya Pasaka nitasema katika mkutano mkuu wa wilaya nzima. Watu hunisikiliza kwa upole. Ila katibu wa mikutano, bwana anayepanga safari zangu, huninong'oneza kila ninapopanda jukwaani: "Bwana Wangila, tupe jambo la kusikitisha zaidi. Watu wanapenda kulia kidogo."

Nimepewa malazi kwa mjane mmoja, Sarah, ambaye mumewe alifia chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe. Sasa sikilizeni jambo hili, ndugu zangu, nanyi mniamini. Mama huyu, mzungu kamili, hupiga deki sakafu za shule kwa magoti, kabla watoto hawajaingia. Mikono yake imepasuka kuliko ya dada zetu wanaochuma pareto. Tena chakula huku kingali cha mgao tangu vita, na yai ni moja kwa mtu kwa juma. Mimi kila juma nilikula mawili, nikasifu ukarimu wa serikali, mpaka jirani aliponieleza kwamba la pili lilikuwa la mwenye nyumba.

Ninalo ombi. Mwanawe wa pekee, Nicholas, alikuja kwetu baada ya vita, na anasimamia shamba mahali fulani katika Uasin Gishu. Haandiki tena. Mama yake husimama dirishani wakati wa tarishi, kisha hujifanya alikuwa akifuta kioo. Mwombeeni kijana huyu.

Jioni nafumba macho nipate harufu ya magome ya miwati yakikaushwa, na filimbi ya treni ikiteremka kuja mjini. Nikiyafumbua naona moshi.

Ndugu yenu,
Elphas Wangila


Eldoret
9 Novemba 1949

Baba Nanyama,

Sisi wazima. Binti yako Nanyama ameshinda wote katika hesabu, na amekuwa na kiburi cha kwenu Wabukusu hata hanisikii.

Barua yako niliisoma kama ulivyoagiza, lakini sikufika mwisho kwa amani. Nilipotaja deki, Mzee Wanyama aliinua fimbo yake. "Rudia hapo, Mama. Nani anapiga deki?"

"Sarah, Mzee. Mwenyeji wa Elphas."

"Na boi wake yuko wapi?"

"Hana boi, Mzee."

Kanisa likavunjika kwa kicheko. Mpishi mmoja akapaza sauti nyuma: "Kumbe memsahibu wangu ananidanganya kwamba magoti ya Wazungu hayapindi!" Kipngetich naye, akiwatafsiria Wanandi, alipata kicheko chake cha pili, na nadhani aliongeza chumvi. Lakini nilipofika kwenye yai, walinyamaza. Mama mmoja akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, na tukaomba kwa kumtaja Nicholas kwa jina, wote kwa pamoja, kwa sauti zile unazozijua.

Nawe unaijua desturi, kwa maana ni wewe uliyeianzisha mwaka ule wa nzige. Tulimwombea mjane wa Burnt Forest Jumapili tatu mfululizo, tukiwa tumeketi vizuri hapa mjini, na tulipoona haya tukaenda kumjulia hali, tulikuta kaburi. Ulisimama pale, ungali kijana mwembamba wa kofia ya kuazima, ukasema kuanzia siku hiyo hatutamwombea mtu tusiyekwenda kumwona. Hatujaivunja mpaka leo.

Basi Jeruto, yule anayechuma pareto upande wa Kaptagat, alisimama akasema kwamba kwenye shamba lao yuko msimamizi anayeitwa Nicholas, kijana mwenye kovu kidevuni. Anasema huko husemwa kwamba baba yake ni mwenye migodi ya makaa. Nikasita. Nikasema labda huyo ni mwingine. Mzee Wanyama akanijibu, "Mtu akifia mgodini, Mama, mgodi huo si wake?" Kila mtu akaona jambo limekwisha.

Tutakwenda Jumapili ya ishirini. Tutamchukulia jogoo, unga wa wimbi, na Jeruto atachukua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa.

Mke wako,
Esther


Uingereza
21 Novemba 1949

Mama Nanyama,

Barua hii ni yako peke yako. Msiende Kaptagat. Barua yako imefika leo, baada ya kusafirishwa kwanza hadi mji mwingine ambako nilikuwa nimekwisha kusema na kuondoka. Kama safari haijafanyika, mwambie Mzee Wanyama kwamba naomba kwa heshima zote isimame.

Nikueleze kwa nini. Alhamisi iliyopita katibu alileta mashine ya kuonyesha picha ukutani. Ukumbi ulijaa. Baada ya picha za twiga na mlima, nikakuona wewe. Ndiyo, wewe, mkubwa kuliko mlango, na jiwe kichwani. Ni ile picha tuliyopigwa na yule mgeni siku ya kuanza msingi wa kanisa, mlipobeba mawe kutoka Mto Sosiani, nawe ukakataa kubaki nyumbani ingawa Nanyama alikuwa tumboni. Mdomo wako uko wazi. Katibu akasema, "Tazameni mwanamke wa Afrika, akilia chini ya mzigo wake."

Mama Nanyama, ukumbi mzima ukakuhurumia. Nilisikia watu wakipenga kamasi.

Nilisimama nikasema, "Mwanamke huyo ni mke wangu. Ni mwalimu. Hapo halii, anaimba sauti ya pili." Wachache walicheka kwa wema. Wengine walitazama viatu vyao, na katibu akabadilisha picha upesi.

Asubuhi Sarah alinimiminia chai, akasema, "Ulikasirika jana."

"Hawakumwuliza," nikasema. "Walichukua siku yake ya furaha wakaigeuza msiba."

"Na wewe," akasema, "uliwaandikia nini watu wako juu yangu?"

"Wema wako tu."

"Na sakafu?"

Nikakoroga chai yangu.

"Na yai?"

"Na yai pia."

Akaweka birika chini. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akaniambia kwamba Nicholas alipokuwa mdogo alikuwa akizunguka njia ya nyuma, mvua inyeshe isinyeshe, ili wenzake wasimwone akipita karibu na mama mwenye ndoo mlangoni mwa shule. "Si mtoto mbaya," akasema. "Aliona haya tu, na haya ilimpeleka mbali."

Leo nasoma kwako kwamba kule baba yake ana migodi. Sasa unaelewa mtakachokuwa mmebeba mkienda, zaidi ya jogoo. Wazuie.

Wako,
Elphas


Eldoret
22 Novemba 1949

Baba Nanyama,

Pole sana, mume wangu. Lakini kwa nini hukutuambia? Sarah alifariki lini? Alikuwa mgonjwa, au ni ajali ya ghafla? Ulipomzika, nani alisimama karibu nawe katika nchi hiyo ya ugeni?

Nakueleza tulivyopokea habari. Juzi, baada ya ibada, tulikwenda kwa gari la ng'ombe mpaka mwanzo wa msitu, kisha kwa miguu, tukiimba. Ukungu ulikuwa umeshikana na miti, na nilikumbuka safari zetu za zamani, wakati kanisa zima lingeweza kutembea kwa mstari mmoja na wa mwisho amsikie wa kwanza. Tulimkuta bwana mwenye shamba verandani, mezani, pamoja na wageni wake waliovaa vizuri. Nicholas alikuwa miongoni mwao. Nilimtambua kwa kovu.

Tulipaswa kwenda mlango wa jikoni. Najua. Lakini Mzee Wanyama alisema hatukuja kuomba kazi, tulikuja kumwona mtoto wa mtu. Akasimama chini ya ngazi, akavua kofia, akatoa hotuba yake kwa Kiswahili, na Kipngetich akaigeuza kwa Kiingereza kizuri ili wageni nao wafaidike. "Bwana Nicholas, tumetoka Eldoret. Ndugu yetu anakaa nyumbani kwa mama yako Sarah, mjane wa mchimba makaa, yule anayepiga deki shuleni. Anakukumbuka. Sisi tumekuja kwa niaba yake."

Bwana mwenye shamba akamgeukia. "Nicholas, watu hawa wanasema nini?"

Kijana akasimama. Alituangalia sisi, akawaangalia wao. Akasema kwa Kiingereza, nami nilisikia vizuri, "Wamekosea mtu. Mama yangu alikufa."

Elphas, kumbuka sisi ni nani. Sisi tulijua hatukukosea mtu. Basi tulichosikia ni kwamba Sarah amekufa.

Jogoo alianguka chini. Mama wa kwanza akaweka mikono kichwani, na kabla sijavuta pumzi wote walikuwa wamepaza kilio, kilio kamili cha nyumbani kwetu, cha kutembea huku na huku na kumtaja marehemu kwa mambo yake. "Uwii, Sarah! Uliyempa mgeni yai lako ukalala njaa!" "Mama yetu, uliyepiga magoti kwa watoto wa wenzako!" "Umeondoka, na sakafu hizo zinazong'aa ni kazi ya nani?" Hilo la mwisho lilitoka kwa Jeruto, ambaye kwao kifo hakipigiwi kelele, sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kuita ng'ombe. Na Kipngetich, kwa kuwa kazi ni kazi, alitafsiri hata kilio. Alisimama wima machozi yakimtiririka, akiwaambia wale wageni neno kwa neno, kwa Kiingereza, jinsi Sarah alivyokuwa.

Nicholas hakutufukuza. Alishika nguzo ya veranda kama mtu aliye kwenye treni. Bwana mwenye shamba ndiye aliyetufukuza, na mbwa wake wakasaidia.

Mpe pole jirani aliyekwambia habari ya yai. Tumeanza kufikiri namna ya matanga.

Esther wako


Uingereza
1 Desemba 1949

Mama Nanyama,

Sarah hajafa. Yuko mbele yangu ninapoandika, anakata mkate mwembamba kama karatasi ili utoshe kesho. Ameniuliza, "Mkeo hajambo?" Nikasema hajambo. Akauliza, "Hana habari yoyote ya huko?" Nikasema mvua zimechelewa kwisha. Nimekuwa mhubiri kwa miaka mingi, na sikuwahi kutoa hotuba ngumu kama hiyo ya mvua.

Barua zetu zilipishana njiani. Nimeisoma yako mara nyingi. Nimecheka, Mungu anisamehe, kwa ajili ya Kipngetich. Kisha kila mara nafika kwenye yale maneno ya kijana, na kicheko kinakauka. Amemwua mama yake mbele ya meza ya chakula. Je, niende nikamwambie mama huyu? Au nimwache aendelee kufuta kioo?

Sina haki ya kusema, na sina amani ya kunyamaza. Habari hii si yangu. Lakini ni mimi niliyeipa miguu.

Unakumbuka ulivyonipokea mara ya kwanza stesheni ya Eldoret? Mimi nimetoka Kimilili na sanduku la kamba, wewe ulikuja kumlaki shangazi yako kutoka Maragoli, ukanishika mkono kwa kudhani ni mimi niliyetumwa kubeba mizigo yake. Nilibeba. Nilibeba mpaka mlangoni kwenu, sikusema neno, kwa sababu kama ningesema ungeniacha. Nalikumbuka hilo usiku na mchana. Kuna kunyamaza kulikonipa mke. Sasa sijui huku kunyamaza kwa leo kutanipa nini.

Niambie habari za kijana. Yuko wapi? Anasema nini?

Elphas wako


Eldoret
17 Januari 1950

Baba Nanyama,

Nilipowaambia kina mama kwamba Sarah ni mzima, walishukuru Mungu kwa shangwe, kisha wakaanza kuona aibu, kisha mmoja akauliza kwa hasira, "Sasa yule kijana alisema nini?" Hapo ndipo wote walipoelewa, na kwa wiki mbili hapakuwa na hadithi nyingine kwenye mashine ya posho wala kisimani. Watu ambao hawakufika Kaptagat waliisimulia vizuri kuliko sisi. Katika usimulizi mmoja nilisikia kwamba mbwa nao walilia.

Jumamosi iliyopita, nikiwa napepeta maharagwe, mtu alibisha. Ni Nicholas. Alikuja kwa miguu, kupitia mtaa wetu, watoto wakimfuata nyuma. Nikampa kigoda cha wageni, magoti yakamfika kidevuni.

"Mimi hapana kuja kugombana, Mama," akasema, kwa Kiswahili chao kile cha shambani.

"Hakuna aliyekuja kugombana hapa. Kunywa chai."

Akanywa. "Ile mama nalia, nalia kweli? Au ni desturi tu?"

"Ni desturi yetu kulia kweli."

Akafikiri hilo. "Lakini yeye hapana jua mama yangu."

"Walijua alimpa mume wangu yai lake. Wako watu tuliowalilia tukijua machache kuliko hayo."

"Na ile neno ya sakafu. Nani nasema?"

"Jeruto. Anachuma pareto kwenu. Umempita kila asubuhi."

Baba Nanyama, hapo alishindwa. Alizungumza kwa Kiingereza sasa, haraka, akitazama chini. Alisema maisha yake yote alisikia jambo lile la sakafu likitajwa kwa kejeli, au kwa huruma, na huruma ilikuwa mbaya zaidi. Hakuwahi kulisikia likiimbwa kama sifa. Alisema aliposimama pale aliona kwamba wageni wa bwana wake hawakucheka. Mwanamke mmoja miongoni mwao aliweka uma chini na hakuushika tena. Ameacha kazi ya shamba. Hakufukuzwa, hakuweza tu kuketi tena kwenye meza ile. Yuko karakana ya reli hapa mjini.

Kisha akaniuliza swali lililomleta. "Bwana yako tayari ameambia mama?"

"Bado."

"Asiambie. Mimi mwenyewe nasema. Mimi nasema yote."

Nikamwambia ni haki yake, na kwamba nitakuandikia. Jumapili nilimweleza Mzee Wanyama, naye akasimama kabla ya mahubiri. "Habari ya veranda imefungwa," akasema. "Ina mwenyewe, na mwenyewe bado hajaisikia. Anayewashwa na ulimi asimulie ya nyumbani kwake. Na kama hataki kuyasimulia, mimi nayajua, nitamsaidia." Tangu siku hiyo mashine ya posho inasaga posho tu.

Nawe subiri. Najua ni vigumu.

Esther wako


Uingereza
12 Aprili 1950

Kwa wazee, mama na ndugu wa kanisa la Eldoret:

Nimewanyima barua kwa muda mrefu, kwa maana nilikuwa nikilinda jambo lisilo langu. Sasa mwenyewe ameniruhusu, na kila neno mtakalosikia hapa nilimsomea yeye kwanza, kwa lugha yake. Mawili aliyafuta.

Barua ya mwanawe ilifika Februari. Aliisoma akiwa amesimama na koti lake la kazi. Alipomaliza aliichukua ndoo yake akaenda shuleni kama kawaida, nami nikabaki nikitembea chumbani kama mkwe anayesubiri majibu. Aliporudi aliketi, akavua viatu, akasema, "Walinililia namna gani?"

Nikasema walilia sana.

"Sikuuliza kiasi. Niliuliza namna gani."

Basi, ndugu zangu, nikasimama katika nyumba ile ndogo nikaweka mikono kichwani, nikalia kama mnavyolia, nikimtaja kwa maneno yale mliyoyasema. Jirani aligonga ukuta. Sarah alicheka mpaka akashika mbavu, na alipoacha kucheka aliomba nirudie pale pa sakafu. Nikarudia. Akasema kwa utulivu, "Katika mtaa huu watasema nilikuwa mtu safi. Hakuna atakayesema kama yule wa pareto."

Kumbe mgeni mmoja wa ile veranda alikuwa amemwandikia jamaa yake huku, na kichekesho chetu kikamfikia katibu. Siku chache kabla ya Pasaka alinijia akiwa amefurahi. Angewasimulia watu wote wa wilaya, akasema, jinsi Waafrika wepesi wa machozi walivyomwombolezea mtu aliye hai. Nikamwambia kwamba akiisimulia hiyo, mimi sitapanda jukwaani. Alisema ratiba imekwisha kupigwa chapa. Nikasema basi wataimba katika nafasi yangu.

Sarah alituacha tubishane. Kisha akasema, "Nipeni mimi dakika hizo."

Hajapata kusimama mbele ya watu maishani mwake, isipokuwa siku ya ndoa. Siku ya Pasaka alipanda na kofia ya kuazima, akashika meza kwa ile mikono mnayoijua, akasema hivi: "Kuna mji unaitwa Eldoret. Watu wake walipata habari kwamba nimekufa. Lilikuwa kosa. Lakini kabla kosa halijajulikana, walinililia, na Bwana Wangila amenieleza walivyosema." Akawaambia ya yai. Akawaambia ya magoti. Akafika pale pa Jeruto, akakwama, akaanza tena, akamaliza. Halafu akasema, "Mimi ndiye ninayepiga deki shuleni kwenu. Wengi wenu nimewajua tangu mkiwa na viatu vya matope. Mwanangu yuko mzima huko Eldoret, anafanya kazi karakana ya reli, na huniandikia." Akashuka.

Hakuna aliyelia, na hakuna aliyecheka. Walisimama. Kwanza nyuma, walikoketi wachimba makaa, kisha wengine. Katibu naye alisimama, na nasema hili kwa ajili yake, kwa maana baadaye alikuja mlangoni akaomba picha ya Esther irekebishiwe maelezo. Nilimwambia amwandikie mwenyewe amwulize.

Mmesikia jinsi Sarah alivyoisimulia: walipata habari, lilikuwa kosa. Hakusema habari ilitoka kinywani mwa nani. Hakuwa akidanganya, alikuwa akimfunika mtoto. Kuanzia leo hivyo ndivyo na sisi tutakavyoisimulia, kwa watoto wetu na kwa wageni wetu, na tunaojua zaidi tutaishia pale alipoishia yeye.

Ninarudi kwa meli ya mwezi ujao.

Elphas Wangila


Eldoret
Jumapili, 30 Aprili 1950

Baba Nanyama,

Nimetoka kuisoma barua yako kanisani, na naandika kabla sijavua kitambaa cha kichwa.

Nicholas alikuwapo. Huja tangu Machi, huketi upande wa mlango, na kina mama wamezoea kumpisha. Leo sikujua kwamba atakuja, na nilipomwona nusura nikunje karatasi. Akanitikisia kichwa: soma. Nikasoma. Kipngetich alitafsiri kwa Kinandi, na nilipofika kwenye maneno yako ya mwisho, ya habari kutoka kinywani mwa nani, yeye alikohoa, akanywa maji, akaendelea na sentensi iliyofuata. Ni mara ya kwanza maishani kumwona akiruka neno.

Wimbo ukaimbwa. Tukatoka nje. Watu walisimama wakitazama mawingu kana kwamba wamekuja kununua mvua. Ndipo Jeruto alipopita katikati yao wote na kikapu chake, akampa kijana mkono, akamwamkia kama unavyomwamkia mtu yeyote mwenye kwao.

"Mwana wa Sarah, mama hajambo?"

"Hajambo," akasema Nicholas. Akasafisha koo, akasema tena kwa sauti, wote tusikie. "Mama yangu hajambo kabisa."

Njoo nyumbani.

Esther wako